Taipureta ya Therese Kutoka Kigali

Wifi yangu Therese Mukabera hakuwahi kuangalia vidole vyake akiwa kazini. Alimenya ndizi akiangalia barabara, alisuka mikeka akiangalia ng'ombe, na akipiga taipu aliangalia karatasi anayoinakili tu, mikono ikijiendea yenyewe huko chini. Alifundishwa hivyo na masista mjini Bukoba. Sista alikuwa anawatandikia kitambaa juu ya mikono, na anayechungulia anachapwa rula. Mimi namenya ndizi nimekodoa macho na bado najikata, kwa hiyo nakiri kwamba nilikuwa namwonea wivu kidogo, na wivu wangu niliutoa kwa utani.

Mwaka 1986 Therese alikuwa amerudi Ihanda, nyumbani kwa kaka yake Athanasi, ambaye ndiye mume wangu. Mwanamume aliyemwoa alipata mwingine hukohuko Bukoba, na ofisi iliyomwajiri ikapunguza watu mwaka huohuo. Akaja na binti yake Kampire wa miaka mitano na sanduku la bati. Mali yake nyingine ilikuwa mtamba mmoja zizini kwetu, aliyeachiwa na marehemu baba yao, mzee Nsabimana. Mzee huyo alivuka mto Kagera akiwa kijana kutoka Rwanda, akalima kahawa za watu hadi akapata za kwake. Mimi ni Mnyambo wa hapahapa. Niliolewa katika nyumba ambayo wanagombana kwa Kinyarwanda na kupatana kwa Kiswahili.

Hakuna aliyemsimanga Therese, nasema kweli tupu. Lakini alikuwa mtu wa kujitegemea tangu utoto, na kukaa kwa kaka kulimkaa kooni. Alikuwa anapakua chakula kidogo kuliko mgeni. Nikimwongezea, anasema ameshiba, na mimi naona kabisa hajashiba.

Mwaka ule wazazi wa Ihanda tulikuwa tunamalizia kujenga sekondari yetu kwa matofali tuliyofyatua wenyewe. Jumapili moja baada ya misa, mwalimu mstaafu Apolinary, mwenyekiti wa kamati ya shule, akasimama akatangaza kwamba shule inatafuta karani wa kupiga taipu. Mshahara upo, na nyumba ya vyumba viwili ipo nyuma ya madarasa. Kitu kisichokuwepo ni mashine.

"Atakayekuja na mashine yake na akashinda mtihani wa kamati," akasema, "kazi ni yake na nyumba ni yake. Mtihani ni mwisho wa mwezi ujao."

Nilimtazama Therese. Alikuwa ametulia tuli, lakini vidole vilikuwa vinacheza juu ya kitabu cha nyimbo.

Tatizo lilikuwa bei. Mashine ya taipu huko Bukoba au Mwanza, kama uliipata, ilihitaji barua za kibali na thamani ya ng'ombe watatu. Yeye alikuwa na mmoja. Ndipo Athanasi, ambaye alikuwa na binamu zake Kibungo, Rwanda, na alijiona mwenyeji wa nchi mbili, akasema Kigali mashine zimejaa madukani, na mtamba mmoja anatosha na chenji inabaki. Tulikaa siku mbili tukibishana. Mimi nilikuwa upande wa kwenda, sijifichi. Therese akamuuza mtamba wake.

Alitaka kwenda mwenyewe, lakini Kampire akashikwa na surua wiki hiyohiyo, na mama hawezi kumwacha mtoto wa surua. Akamtuma kaka yake. Akampa maagizo kama mtu anayempeleka mtoto jandoni: isiwe na kutu, kengele ilie, herufi zote ziwepo na asikubali iliyovunjika hata moja. Mambo ya mpangilio wa herufi hakuyataja. Nani angeyataja? Ukimtuma mtu baiskeli humwambii kwamba magurudumu yawe chini.

Athanasi alikaa siku tisa. Alirudi juu ya lori la chumvi, amevimba kichwa, na stakabadhi ya ushuru wa mpakani Rusumo mfukoni mwa shati ili kila mtu aione. Mashine ilikuwa ya kijani, nzito, inang'aa. Alitusimulia jinsi alivyosimama dukani, akaweka kidole kwenye herufi moja moja kuanzia a mpaka z, mwenye duka akitoka jasho, na zote zilikuwepo. Zaidi ya hapo, akasema akishusha sauti, kulikuwa na herufi nyingine za ziada, zimevaa vikofia na vimkia, na yule mfanyabiashara hakuzitoza. Mume wangu alisoma hadi darasa la nne. Alidhani amewekewa nyongeza, kama unavyoongezewa maharage ukinunua debe sokoni Kayanga.

Majirani walijaa uani. Therese aliweka mashine juu ya meza, akaingiza karatasi, akaweka pembeni tangazo la mwalimu Apolinary, lile lililobandikwa kanisani, ili alinakili. Akanyoosha mgongo, macho kwenye tangazo. Akaanza. Kelele yake ilikuwa tamu, nawaambia, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Watu wakasogea kwa heshima. Athanasi alikuwa amesimama mikono nyuma.

Jirani yetu Xaveri, mwenye kidomodomo kupita wanaume wote wa Ihanda, akainama juu ya bega lake asome. Akasoma kwa sauti: "Shule yq zqwqwi." Akajaribu tena. "Shule ya nini? Zikwikwi? Therese, hiki ni Kinyarwanda?"

Therese akaangalia karatasi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akainamisha kichwa akatazama vidole vyake. Pale masista walipomwekea a, Wafaransa walioitengeneza hii walikuwa wameweka q. Palipokuwa na w kulikuwa na z. Herufi m ilikuwa imehama kabisa na kwenda kukaa ukingoni mwa mstari wa kati, na hata nukta haikutoka mpaka ubonyeze vitufe viwili, kimoja cha kushikilia na kimoja cha kupiga. Mashine haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa watu wengine.

Xaveri alicheka hadi akakaa chini, na wengine wakamfuata. Therese hakucheka wala hakulia. Alitoa karatasi, akaikunja, akasema, "Asante kaka, umefika salama," akaingia ndani kumwangalia mtoto. Hilo lilimuumiza Athanasi kuliko kama angemtukana. Alibaki uani na mashine yake ya kijani, amenywea.

Kuirudisha haikuwezekana. Nauli ya kwenda na kurudi ingekula kilichobaki, na mwenye duka wa Kigali angemuuliza imevunjika wapi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku moja. Kuanzia jioni ile mume wangu akawa hali chakula sebuleni pamoja nasi. Alikuwa anachukua sahani yake anakwenda kula jikoni peke yake, karibu na mafiga. Mwanamume wa kwetu kula jikoni, tena nyumbani kwake mwenyewe, ni jambo ambalo hata Xaveri asingelitania. Nilimwambia aache utoto. Akanijibu, "Placidia, nimekula ng'ombe wa dada yangu. Nile tena na ndizi alizomenya?"

Siku ya tatu aliamka mapema akajaribu kurekebisha. Aling'oa kofia za vitufe kwa bisibisi ya baiskeli, kile cha a akakiweka panapokaa q, cha w akakihamishia kwa z, kazi safi kabisa, akaniita nione. Nikabonyeza a. Karatasini ikatokea q. Maana kinachopiga ni nyundo iliyo ndani, na nyundo hazikujua kwamba juu kuna mtu amebadilisha majina. Sasa tulikuwa na mashine ngeni ambayo juu ya hayo ilisema uongo. Nilifura kwa hasira, nikampa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Therese alikuja akaona. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alicheka. "Mwache, wifi," akasema. "Mimi kwani huwa naangalia?"

Akavuta kiti, akanikabidhi gazeti lililofungiwa sukari, akasema, "Nisomee. Polepole. Nikikosea usinionee huruma."

Basi nikawa msomaji. Nilimsomea gazeti la sukari, maagizo ya dawa ya kahawa, kadi za harusi za miaka iliyopita, mpaka maandishi ya kwenye magunia. Utepe wa wino ulikuwa mmoja, kwa hiyo aliuzima, akawa anapiga bila wino, na mimi nazigeuza karatasi kwenye mwanga ili kuona alama za nyundo. Nilimenya ndizi kwa mikono na kumsomea kwa mdomo, na nikiona q mahali pa a napiga kisu kwenye sinia, kwang'! Mwanzoni nilipiga sinia kama mtu anayefukuza ngedere.

Kilichomtesa kilikuwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kwenye mashine aliyoizoea kidole hicho kinalala juu ya a kimetulia. Kwenye hii kilipaswa kupanda juu kila mara, na Kiswahili kina a nyingi sana, hamjui mpaka mzihesabu. Kikavimba. Jioni nilikuwa namkanda kwa samli ya moto, yeye amefumba macho, midomo inatembea: juu, chini, juu. Asubuhi anaanza upya. Shambani akipanda maharage vidole vinacheza kwenye udongo. Kanisani nilimfinya, kwa sababu alikuwa anapiga taipu juu ya goti langu.

Wiki ya kwanza alikuwa mbaya kuliko mwanafunzi. Wiki ya pili alichanganya zote mbili, na hapo ndipo alipokaribia kukata tamaa. Nilimkuta amelaza kichwa juu ya mashine. "Wifi, mikono imegoma," akasema. "Ya zamani imeondoka na mpya haijaja." Nilichukua kadi ya harusi nikaanza kusoma, "Familia ya marehemu Telesfori inayo furaha," na baada ya muda nikasikia mashine ikinifuata. Wiki ya tatu nilisoma ukurasa mzima bila kugusa sinia. Nilipomaliza nilikuta ndizi zote nimezimenya vipande vibaya, kwa kuwa nilikuwa naangalia vidole vyake badala ya vyangu.

Siku ya mtihani Athanasi alifunga mashine kwenye baiskeli akaisukuma akitembea kwa miguu mpaka shuleni, hakutaka kupanda asije akaiangusha. Darasa lilijaa. Kulikuwa na mtahiniwa mmoja mwingine, Theoneste, kijana mpole aliyesomea Mwanza, na mashine yake ya mpangilio wa Kiingereza, ule wa masista. Kamati ilikuwa na watu watano, lakini waliokuwa wanasema ni wawili: mwalimu Apolinary, na mzee Kashaija, mwenye mashamba mawili ya kahawa, ambaye kila jambo alilitafutia tundu.

Mwalimu akasoma barua ndefu ya kuomba usajili wa shule, nakala tatu kwa kaboni. Mashine zote mbili zikaanza. Mimi nilikaa nyuma na Athanasi na Kampire. Therese aliangalia ukutani, mahali penye ufa, akaandika kama mtu anayemsikiliza rafiki. Kengele yake ililia mara nyingi kuliko ya mwenzake. Walipokusanya karatasi, Theoneste alikuwa ameachwa robo ukurasa na ana makosa tisa. Therese alikuwa na mawili. Nikambana Athanasi mkono. Alikuwa anaangalia sakafu.

Mzee Kashaija akainuka akaenda kuitazama mashine ya kijani. Akasoma vitufe. Akabonyeza a kwa kidole kimoja, ikatoka q. Akabonyeza tena. Akageuka akiwa ameridhika.

"Ndugu wajumbe, hii mashine ni ya Kifaransa, na kwa Kifaransa chenyewe bado inasema uongo," akasema. "Mama huyu amejizoesha ugonjwa wake. Kesho serikali ikituletea mashine zetu za kawaida, atafanyaje? Tutakuwa tumeajiri mtu wa mashine moja."

Watu wakaguna. Nilitaka kusimama nimwambie tangazo lilisema mwenye mashine yake, na yake hiyo hapo, lakini Athanasi alinishika kanga. Mwalimu Apolinary alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake wakati mwingine ilikuwa na miba.

"Theoneste, mwanangu, mwazime mwenzako kiti," akasema. "Therese, piga kwa mashine hiyo. Sikusomei. Andika barua yoyote kutoka kichwani, tuone."

Karibu wiki tatu tulikuwa tumeifukuza mikono yake ya zamani, mimi mwenyewe nikiifukuza kwa kisu na sinia. Theoneste alisimama haraka, akafuta kiti kwa leso. Therese akakaa. Akapiga mstari mmoja, akausoma, umejaa q, akaacha. Kutoka nyuma niliona mabega yake yakishuka. Mzee Kashaija akakunja mikono kifuani.

Therese akaigeuza karatasi upande wa pili. Akavua kanga ya mabegani, akaitandika juu ya mikono yake na vitufe vyote, kama alivyokuwa akifanyiwa na sista.

"Anaficha nini?" akauliza mzee Kashaija.

"Najificha mwenyewe, mzee," akajibu Therese. "Nisichungulie."

Alikaa hivyo kitambo, ametulia, hakuna kilichotembea chini ya kanga. Nilidhani ameshindwa. Kisha ikaanza sauti moja, nyingine, polepole kama mtu anayeshuka mlima wenye utelezi, halafu zikaungana. Hakusimama tena. Kengele ililia mara saba au nane. Akavuta karatasi, akampelekea mwalimu Apolinary kwa mikono miwili, akarudi kusimama mahali pake.

Mwalimu akavaa miwani. Akaisoma kimyakimya kwanza, mpaka mwisho. Akaangalia kule nyuma tulikokaa. Halafu akasoma kwa sauti ya darasani, ili hata waliosimama nje madirishani wasikie.

"Kwa kaka yangu Athanasi, Ihanda. Salaam. Mashine uliyoniletea kutoka Kigali ni nzuri, nami nimeizoea. Ng'ombe wangu hakupotea. Ulikwenda mbali kwa ajili yangu na ulinunua kwa moyo safi. Kuanzia leo usile tena jikoni. Njoo sebuleni tule wote, hata siku nitakapokuwa na nyumba yangu njoo tule. Ni mimi dada yako, Therese Mukabera."

Akaigeuzia kamati karatasi. "Makosa sijaona," akasema. "Kama kuna mjumbe ameona, asimame."

Mzee Kashaija aliichukua akaisogeza karibu na macho, akaitafuta juu, akaitafuta chini, akairudisha mezani. Alikaa.

Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujali. Nilijivunia mwanamke yule kama nimemzaa. Watu walianza kugeuka kumtafuta huyo Athanasi aliyetajwa, kana kwamba hawakumjua, na Xaveri dirishani alikuwa amefunga mdomo wake kwa mara ya kwanza tangu abatizwe. Mume wangu alisimama. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Nilidhani atatoka nje kwa aibu, lakini alipita katikati ya madawati mpaka mbele, akasimama kando ya Therese, akawageukia wajumbe na watu wote wa Ihanda waliowajua hao wawili tangu wanatambaa.

"Huyu," akasema, "ni dada yangu."